Nilikabidhiwa funguo Jumatatu, bima ikaanza mwisho wa mwezi

#1 Mpangaji Mstaafu

Wakuu, salaam. Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, leo naleta uzi wangu wa kwanza, na mnisamehe utakuwa mrefu. Nimenunua nyumba, nimehamia, na katikati ya hayo mawili nimepata hasara ambayo ningeikwepa kwa kubadilisha tarehe moja kwenye fomu.

Mambo yalikwenda hivi. Tulisaini mkataba wa mauziano, malipo yakakamilika, nikakabidhiwa funguo Jumatatu tarehe 8. Kule nilikopanga kodi ilikuwa inaishia mwisho wa mwezi, kwa hiyo nikajipa wiki tatu za kupaka rangi na kufunga makabati mapya ya jikoni kabla ya kuhamisha familia. Na bima nilishaishughulikia, msinione mzembe kiasi hicho. Nililinganisha kampuni tatu, nikajaza fomu, na nilipofika kwenye swali la tarehe ya kuanza nikaandika tarehe 30, siku ya kuhamia. Kichwani mwangu bima ya nyumba ni ya mtu anayelala ndani ya nyumba. Nilijiona hata mjanja, maana nimebana ada ya wiki tatu.

Mafundi rangi walimaliza vyumba viwili Alhamisi, wakaaga kwamba watarudi Jumatatu. Ijumaa usiku au Jumamosi alfajiri, hakuna ajuaye, kiungo cha bomba linaloteremka kutoka kwenye tangi la darini kiliachia. Tangi lenyewe hujijaza kila linapopungua, kwa hiyo maji yalimwagika, likajaa, yakamwagika tena, siku mbili na zaidi. Jumatatu asubuhi fundi ananipigia: "Bosi, humu ndani kunanyesha." Dari la sebule lilikuwa limelala sakafuni. Sakafu ya mbao ya vyumba viwili imevimba na kupinda. Makabati yaliyokuwa bado kwenye maboksi yamelowa mpaka ubao umeanza kufumuka.

Nikapiga simu kampuni ya bima. Dada aliyepokea alikuwa mpole kweli: "Kaka, pole, ila bima yako inaanza tarehe 30. Leo ni tarehe 15."

Nikamkumbuka muuzaji. Siku ya makabidhiano aliniambia, na naamini kwa nia njema, "Usiwe na haraka, bima yangu imelipiwa mpaka mwisho wa mwaka." Nikampigia, naye akawapigia watu wake. Wakamjibu kwamba yeye si mwenye nyumba tena, hajapoteza kitu, hawana cha kumlipa. Na mimi hawanijui.

Nimelipa kwa mfuko wangu. Sasa nauliza wajuzi: nimekosea peke yangu, au utaratibu wenyewe ndio una shimo hapo? Na anayenunua leo akate bima lini hasa?

#2 Nipeni Muda

Pole sana mkuu. Mimi nasaini wiki ijayo kwa hiyo nimeweka kiti cha mbele kabisa. Mpaka nasoma uzi huu nilikuwa nadhani bima ni kitu cha kufikiria baada ya kupanga makochi.

#3 Mbishi Asiyechoka

Hata ungeanza Jumatatu wangekwambia kiungo kilikuwa chakavu. Hawa watu ni hodari wa kupokea. Nyumba yangu ina miaka kumi na mbili, sijawahi kukata, na bado imesimama.

#4 Kalamu Nyekundu

Nimekaa idara ya madai ya kampuni ya bima miaka mingi, sasa nimetoka, kwa hiyo naweza kusema kwa uhuru. Mtoa mada, hukukosea peke yako. Kosa hili ni la kila wiki.

Watu wanaifungamanisha bima na godoro: godoro likiingia, bima ianze. Lakini kinachotakiwa kuifuata bima ni hatari, na hatari huhama kabla ya godoro. Kuna siku, na mara nyingine saa, ambapo nyumba ikiungua hasara inaacha kuwa ya muuzaji inakuwa yako. Bima yako iwe imeshaanza kabla ya saa hiyo. Siku ya kulala ndani haina uzito wowote kwenye hesabu hii.

Ugumu ni kwamba siku hiyo haifanani kila mahali. England, masharti ya kawaida ya mauziano ya nyumba tangu toleo la 2011 yanambebesha mnunuzi hatari mara pande mbili zinapobadilishana mikataba iliyosainiwa, hata kama funguo zitakuja wiki kadhaa baadaye. Baadhi ya majimbo ya Marekani yana sheria inayoiacha hatari kwa muuzaji mpaka umiliki uhamishwe au mnunuzi aingie ndani. Kwingine ni vile mkataba wenu ulivyoandika, na kama haukuandika mnaanza kuvutana. Kwa hiyo kabla ya kusaini mwulize mwanasheria wako swali moja tu: kuanzia lini nyumba hii ikiteketea, bado nitatakiwa kuilipa? Jibu lake ndiyo tarehe ya kuandika kwenye fomu ya bima.

Sasa hilo la bima ya muuzaji. Kuna kisa cha Uingereza ambacho kila anayesomea bima hukutana nacho. Bwana Preston aliuza nyumba yake. Mkataba ukasainiwa, lakini kabla mauziano hayajakamilika moto ukaiharibu. Preston alikuwa na bima, wanunuzi hawakuwa nayo. Kampuni ikamlipa Preston pauni 330. Wanunuzi, ambao mkataba uliwabana walipe bei yote vilevile, wakaenda mahakamani kudai zile 330 ziwe zao. Mwaka 1881 wakashindwa: bima ni mapatano kati ya kampuni na aliyekata, haisafiri na nyumba kama milango na madirisha. Haikuishia hapo. Kampuni nayo ikamgeukia Preston: wewe umelipwa bei yako kamili, umepoteza nini? Mwaka 1883 mahakama ikaamuru arudishe. Hesabu ya mwisho ni kwamba muuzaji alipata bei yake, kampuni ikapata pesa zake, na wanunuzi wakabaki na nyumba iliyoungua waliyoilipia kama nzima.

Ndugu yangu, ulichokutana nacho tarehe 15 kina umri wa zaidi ya miaka 140.

#5 Mpangaji Mstaafu

Nimecheka kwa uchungu. Kwa hiyo ile "usiwe na haraka, yangu ipo" aliyoniambia ilikuwa sawa na kunipa mwavuli wenye jina lake.

#6 Nipeni Muda

Kalamu, swali. Kama naanza siku ya kusaini na mimi nitahamia baada ya mwezi na nusu, si nitakuwa nalipia nyumba tupu? Watakubali? Na mafundi watakuwa ndani.

#7 Kalamu Nyekundu

Watakubali, ila waambie hayo yote mawili. Hapa ndipo pana mtego wa pili na hata mtoa mada ungemnasa.

Bima ya kawaida ya nyumba imepimwa kwa nyumba yenye watu. Mtu akiwepo, bomba likipasuka saa nane usiku anaamka, anafunga koki, hasara ni zulia. Nyumba ikiwa tupu bomba hilohilo linaangusha dari. Ndiyo maana hati nyingi zina kifungu kinachosema nyumba ikikaa bila mtu siku 30 mfululizo, nyingine 60, basi wizi, maji yanayovuja na uharibifu wa makusudi vinatoka kwenye kinga, unabaki na moto na mambo machache. Na kuna hati ambazo kinga ya maji haianzi kabisa mpaka uwe umehamia. Soma tafsiri ya "kukaliwa" kwenye hati yako. Mafundi kuingia saa mbili na kutoka saa kumi si kukaliwa. Kwa wengi maana yake ni mtu analala humo.

Ukiwaambia mapema, watakupa masharti: funga koki kuu ya maji, nyumba ikaguliwe kila baada ya siku kadhaa na uweke kumbukumbu ya ukaguzi, milango iwe na kufuli za aina fulani. Pengine ada itapanda kidogo. Masharti hayo yatekeleze kweli, usiyaweke tu kwenye droo. Nimeona dai zuri linakufa kwa sababu mtu hakuweza kuonyesha kwamba kuna aliyepita kuangalia nyumba hata mara moja.

Kuhusu mafundi: kupaka rangi kwa kawaida hakuna anayejali. Kuvunja ukuta, kugusa paa, kutumia moto wa kuchomelea, hayo yataje. Na mafundi wenyewe waulize kama wana bima ya dhima, yaani ile inayolipa wakiharibu mali yako au wakimwumiza jirani. Bima yako ya nyumba haikukatwa kwa ajili ya uzembe wa fundi wako.

Makabati ya kwenye maboksi, mtoa mada, yangekuwa ubishi wake peke yake. Yakishafungwa ukutani ni sehemu ya jengo. Yakiwa sakafuni kwenye boksi ni vitu vya ndani. Aliyekata bima ya jengo tu angeambiwa hayo hayamo.

#8 Tofali Bichi

Mimi ni mjenzi, naongea ya kwangu. Kwanza koki. Kila nyumba mpya unayoingia, kabla hujaangalia rangi ya kuta, uliza koki kuu iko wapi na uifunge na kuifungua kwa mkono wako. Nimeingia nyumba ambazo mwenyewe kaishi miaka mitano hajui ilipo.

Pili, na hili ndilo lililonileta. Watu wanakosea kiasi cha kukatia bima. Wananunua nyumba kwa bei fulani, wanaandika bei hiyohiyo kwenye fomu. Bei uliyonunulia ina ardhi ndani yake, na ardhi haiungui. Bei ina mandhari, barabara, shule iliyo karibu. Bima ya jengo inataka jambo lingine kabisa: nyumba hii ikianguka leo mpaka msingi, itagharimu kiasi gani kuisimamisha tena ilivyokuwa?

Na hesabu hiyo haiishii kwenye matofali na saruji. Kuna kubomoa kilichobaki, kusomba kifusi, mchoraji ramani, mhandisi, vibali. Kuna ukuta wa uzio, geti, banda la gari, tangi. Kifusi peke yake huwashangaza watu. Nyumba iliyoanguka haiondoki na toroli.

Kwenye eneo ghali, gharama ya kujenga inaweza kuwa chini sana ya bei ya kununua, kwa hiyo ukiandika bei ya kununua unalipia ada ya ardhi bure, maana hawatakulipa zaidi ya kujenga. Kwenye nyumba kongwe yenye mbao za kuchonga na mawe ya kukatwa kwa mkono, ni kinyume: umeinunua rahisi kwa kuwa imechakaa, lakini kuijenga upya vilevile ni gharama kuliko ulivyolipa. Nyumba ya pili ndiyo inayowaumiza wenyewe.

#9 Nipeni Muda

Ukikatia pungufu si unalipwa tu mpaka pale ulipokatia? Mimi naona si mbaya, nyumba nzima haianguki kila siku.

#10 Kalamu Nyekundu

Hapana, na nashukuru umeuliza kwa sauti, maana wengi wanaifikiria kimyakimya.

Hati nyingi zina kanuni ya uwiano. Chukua nyumba ambayo kuijenga upya ni 100. Wewe ukaikatia 60 ili ada ishuke. Jiko likaungua, hasara ni 30. Wewe unasema 30 iko chini ya 60, nilipwe yote. Wao wanasema ulitulipa ada ya sehemu 60 kati ya 100, kwa hiyo ulijikatia mwenyewe zile 40 zilizobaki. Wanakulipa 18. Zile 12 ni zako, na bado kuna kile kiasi cha kwanza cha kila dai ambacho hati inakutaka ujibebee. Hasara ndogo, hati halali, umelipa ada bila kuchelewa, na bado unatoka na karibu nusu.

Mpe mthamini kazi hiyo. Ukikopa benki, mara nyingi ripoti ya mthamini wao ina mstari wa gharama ya kujenga upya. Utafute. Na ukiongeza chumba baada ya kuhamia, kiasi hicho nacho kiongezwe.

#11 Mbishi Asiyechoka

Ninyi mnapoteza muda. Rafiki yangu kanunua kwa mkopo, benki ikamkatia bima hukohuko. Kamaliza, hajajaza fomu hata moja.

#12 Kalamu Nyekundu

Mbishi, mwambie rafiki yako aitoe hiyo hati kwenye bahasha aisome jina. Benki huuza au hudai vitu viwili tofauti na watu huvichanganya. Kimoja ni bima ya mkopo: mkopaji akifa, na wakati mwingine akipata ulemavu, deni linalipwa. Hiyo haina habari na moto wala maji. Nyumba ikiungua na wewe mzima, haitoi chochote.

Cha pili ni bima ya jengo, ambayo benki huitaka kwa sababu nyumba ndiyo rehani yao. Ni nzuri, lakini angalia vitu vitatu: imekatwa kwa gharama ya kujenga upya au kwa salio la mkopo tu? Malipo yanakwenda kwa nani kwanza? Na vitu vya ndani vimo? Kwa kawaida havimo. Benki haijakopesha kwa ajili ya kabati lako la nguo.

Na benki nyingi hazitoi pesa mpaka zione uthibitisho wa bima. Wengi huishughulikia siku ya mwisho, wanachukua ya kwanza inayokuja. Omba bei wiki kadhaa kabla. Tarehe ya kuanza unaweza kuiweka mbele, na mambo yakisogea unawaambia waisogeze.

#13 Binti wa Ghorofa ya Nne

Naomba niwasemee wa maghorofani, maana humu naona kila mtu ana paa lake. Nilinunua fleti, nikaambiwa jengo lina bima ya pamoja, tunachangia kwenye ada ya huduma. Nikatulia. Baadaye jirani wa juu aliacha bafu likifurika, dari langu likaingia maji na vitu vyangu pia.

Bima ya pamoja ilitengeneza dari. Vitu vyangu haikuvigusa, na ni haki yao, maana vitu vya ndani kila mtu anakata vyake. Lakini lililoniuma ni kabati la ukutani nililolifunga mwenyewe na sakafu niliyobadilisha. Wakasema bima ya pamoja inafidia jengo kama lilivyojengwa, maboresho ya mwenye fleti ni juu yake. Jirani naye hakuwa na bima ya dhima, ana "pole dada" tu.

Kwa hiyo anayenunua fleti aombe nakala ya hati ya jengo kabla ya kusaini, si baada. Mpaka wake uko wapi: unaishia kwenye plasta, kwenye zege, au unafika mpaka kwenye sinki? Imekatiwa kiasi gani, mara ya mwisho kupimwa ni lini? Mwenyekiti wetu alininunia wiki nzima kwa kuuliza, lakini aliitoa.

#14 Nipeni Muda

Asante dada. Kalamu, nina jingine na hili linaninyima usingizi. Kwenye fomu kuna swali: nyumba imewahi kuingia maji au kuwa na nyufa za msingi? Muuzaji anasema haijawahi. Jirani kaniambia pembeni kwamba miaka ya nyuma maji yalifika kwenye ngazi ya mlango. Niandike nini?

#15 Kalamu Nyekundu

Andika ulichokisikia, na utaje umekisikia kwa nani. "Muuzaji anasema hapana, jirani anasema maji yaliwahi kufika mlangoni." Usichague jibu linalokupendeza. Ukikaa kimya na maji yakaja, jirani huyohuyo ndiye wa kwanza kuhojiwa na mkadiria hasara, nawe utaonekana ulijua.

Bima tangu zamani imesimama kwenye uaminifu wa hali ya juu: anayekatiwa ndiye anayeijua mali yake, kwa hiyo aseme kila kitu cha maana hata asichoulizwa. Uingereza waliulegeza mzigo huo kwa mtu wa kawaida kwa sheria ya 2012, sasa anatakiwa tu kujibu maswali kwa uangalifu na bila udanganyifu. Nchi nyingine bado ni ule mzigo mzito wa zamani. Ukiwa hujui uko upande gani, sema.

Na usimwachie wakala akujazie fomu ukiwa unaangalia simu. Saini ni yako.

#16 Tofali Bichi

Nyongeza ndogo: maswali ya kuta za nini, paa la nini, msiyaone ya kipuuzi. Baada ya moto mkubwa wa London wa 1666, wa kwanza kuuza bima za moto mjini humo walitoza nyumba za mbao mara mbili ya za matofali. Hilo swali ni kati ya makongwe kabisa kwenye fomu.

#17 Mwana wa Bonde

Kwa kuwa mmegusa maji, niweke la kwangu. Maji si kitu kimoja kwenye hati ya bima. Kuna bomba lililopasuka ghafla, kuna mvua iliyoingia baada ya upepo kung'oa bati, kuna mafuriko yaliyopanda kutoka nje, na kuna uvujaji wa polepole wa miezi. La kwanza mara nyingi linalipwa. La mwisho karibu kila mahali halilipwi, linaitwa uchakavu. Mafuriko mara nyingi yametolewa na yanataka kinga yake. Baada ya kimbunga Katrina, mwaka 2005, familia nyingi Marekani zilivutana na kampuni juu ya jambo moja: kilichobomoa nyumba ni upepo au ni maji? Upepo ulikuwamo kwenye hati, mafuriko hayakuwamo.

Kule kuna mpango wa serikali wa bima ya mafuriko tangu 1968, na kwa kawaida kinga yake huanza siku 30 baada ya kukata, ingawa ukikata kwa ajili ya mkopo wa kununua nyumba kungoja huko kunaondolewa. Usisubiri wingu ndiyo upige simu. Nipeni Muda, wewe mwenye ngazi ya mlango iliyowahi kulowa, uliza neno "mafuriko" kwa jina lake. Usiridhike na "maji yamo."

#18 Mbishi Asiyechoka

Sawa. Tuseme nimekubali, tuseme tu. Hicho kiasi cha kujibebea mwenyewe, kuna faida kukipandisha ili ada ishuke?

#19 Kalamu Nyekundu

Karibu Mbishi. Inategemea una akiba gani. Ukiwa na uwezo wa kuziba hasara ndogo bila kukopa, kipandishe, ada ishuke, bima ibaki ya mambo makubwa. Ila mtu aliyenunua nyumba juzi ndiye mwenye mfuko mtupu kuliko wote. Mwaka wa kwanza mimi ningekiweka chini, kisha nikipandishe baadaye. Na angalia: hatari nyingine, kama msingi kudidimia, huwa na kiasi chake kikubwa zaidi kimejificha kurasa za nyuma.

#20 Mpangaji Mstaafu

Niongeze la siku ya kuhama, maana nalo nililipa. Nilighairi bima ya vitu kule nilikopanga asubuhi ya kuhama, ile mpya inaanza siku hiyohiyo, nikaona nimepiga hesabu. Lori likapiga shimo, televisheni ikapasuka. Bima mpya inasema vitu vikiwa ndani ya nyumba. Ya zamani imeshafutwa. Wahamishaji wakauliza nani alifunga hilo boksi? Mimi. Basi, wao hawawajibiki na boksi walilokuta limefungwa.

#21 Binti wa Ghorofa ya Nne

Kaka, wewe ulikuwa na mwezi mbaya. Shemeji yangu yuko Marekani, kule wahamishaji wa kutoka jimbo hadi jimbo kiwango chao cha msingi ni senti 60 kwa kila pauni ya uzito wa kitu. Kwa hiyo jiwe la kusagia lina thamani kuliko kompyuta. Uliza mapema kama bima yako ya vitu inawafuata njiani, baadhi wanakubali ukitumia wahamishaji wa kazi hiyo, lakini ukibeba kwa gari la rafiki hapana. Na ile ya zamani usiifute mpaka kijiko cha mwisho kimetoka.

Mimi kabla ya kufunga kitu nilizunguka na simu narekodi, nafungua kila droo, nasema kwa sauti kitu ni nini na nilikinunua lini. Video nikaituma kwenye barua pepe yangu mwenyewe. Dakika ishirini na tano. Ndipo nilipogundua nina vitu vingi kuliko kiasi nilichokuwa nimekatia.

#22 Kalamu Nyekundu

Hiyo video ingenipunguzia mvi. Uliza pia kama vitu vinalipwa kama vipya au kwa thamani baada ya uchakavu. Kochi la miaka minane kwa hesabu ya pili halinunui hata mto wake.

#23 Nipeni Muda

Wakuu, mrejesho. Mwanasheria kasema hatari ni yangu tangu kusaini, mkataba unasema hivyo kwenye ukurasa wa sita ambao sikuusoma. Nimekata jengo kuanzia siku hiyo, vitu vya ndani kuanzia siku ya kuhama, nimewaambia nyumba itakaa tupu wiki sita na mafundi wapo. Wametoa masharti mawili, koki ifungwe na ikaguliwe kila wiki. Jina langu na la mke wangu yote yamo, maana nyumba ni ya wote. La jirani nimeandika kama Kalamu alivyosema. Ada imepanda kidogo na mafuriko yameingia kwa jina lake.

Hati ilipokuja namba ya nyumba ilikuwa imekosewa. Wameandika ya jirani.

#24 Mpangaji Mstaafu

Yule yule jirani? 😂 Warekebishe kwa maandishi, usikubali "tumeshabadilisha kwenye mfumo." Na koki kuu umeshaiona?

#25 Nipeni Muda

Wamerekebisha, nina nakala. Koki iko nyuma ya stoo, imeshika kutu, haigeuki hata kwa mikono miwili. Tofali Bichi, uko wapi kesho asubuhi?